Protoni 26 kabla ya moto, protoni 26 baada ya moto

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Daftari lake la kemia lina mchoro wa atomi aliouzungushia kifuniko cha soda: duara dogo katikati, maduara mengine nje yake, na nukta zimepangwa juu ya kila duara. Daftari la fizikia lina alfa, beta na gama, kila moja na kitu kinachoizuia. Kakariri vyote, na mtihani atafaulu, sina shaka. Juzi alikuwa karakanani ananishikia nondo, nikamtega. Nikamwambia, tuseme leo wameniletea kipande cha chuma chenye mionzi, nikakiyeyusha kwa moto huu huu wa kuchomelea. Mionzi itakufa?

Akafikiri. "Haitakufa yote, mjomba. Itapungua. Moto wenyewe mkali sana."

Haipungui hata kidogo. Na sababu yake haimo kwenye daftari la kemia wala la fizikia, kwa kuwa hakuna aliyeyakutanisha. Basi leo nayakutanisha mimi, fundi wa mageti na madirisha wa Mtwara mjini. Sina digrii. Nilichonacho ni miaka ile ya kulaza bomba la gesi la kwenda Dar, lililozinduliwa mwaka 2015, ambapo nilikuwa msaidizi kwenye kikosi cha kupiga picha viungo vya bomba kwa mionzi, kuona kama vimechomelewa vizuri ndani. Fundi mkuu wetu alikuwa mtu wa kueleza. Usiku ni mrefu porini, na kazi ile yenyewe nusu yake ni kusubiri.

Tuanze na hiyo atomi. Katikati kuna kiini, humo protoni na nyutroni zimebanana. Nje kuna elektroni. Uzito karibu wote uko kwenye kiini, maana protoni moja peke yake inalingana na elektroni 1,836 hivi. Nafasi karibu yote ni ya elektroni. Chukua mbegu moja ya mchicha, ile nyeusi ya milimita moja, kaiweke katikati ya uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona, hapa Mtwara. Ikiwa mbegu hiyo ni kiini cha hidrojeni, elektroni yake inazurura mpaka kwenye mistari ya pembeni ya uwanja, na kati yake na mbegu hamna kitu. Kwa kifuniko cha soda huwezi kulichora hilo.

Waliogundua kwamba katikati kuna kitu kidogo namna hiyo ni Ernest Rutherford na vijana wake wa maabara kule Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden. Walirusha chembe za alfa kwenye dhahabu iliyofuliwa nyembamba sana. Nyingi zilipita kama vile hakuna ukuta. Chache zikarudi zilikotoka. Mwaka 1911 Rutherford akatoa maana yake: uzito na chaji chanya ya atomi vimejikusanya pale katikati, padogo mno. Geiger huyo ndiye mwenye jina lake kwenye kile kipimo kinacholia tik tik, na ndugu wa kipimo hicho nilikivaa kiunoni usiku mwingi. Nyutroni zilichelewa kuonekana kwa sababu hazina chaji. James Chadwick alizithibitisha mwaka 1932.

Sasa shika jambo moja, yanayofuata yote yanalitegemea. Atomi ishikane na nani, iyeyuke au isiyeyuke kwenye maji, ifanye kutu, iwake moto, iingie mwilini au ipite: hayo yote yanaamuliwa na elektroni, hasa zile za nje kabisa. Atomi iitwe nani, na kama itavunjika, hayo yanaamuliwa na kiini. Na kiini hakina habari na shughuli za elektroni.

Nikiwasha mashine yangu, ule mwako unafika maelfu ya nyuzi za joto. Chuma kinayeyuka, kinashikana na mwenzake, kinatoa moshi wa kukohoza. Yote hayo ni elektroni za nje zinahama na kugawana upya. Kiini cha chuma kina protoni 26 kabla sijawasha na kina protoni 26 nikizima. Nguvu inayozibana protoni na nyutroni, ukiipima kwa nishati, ni kubwa mara mamilioni kuliko ile inayoshika elektroni za nje. Ukitaka joto la kufika huko, nenda katikati ya jua, kwenye nyuzi kama milioni 15. Huko viini vya hidrojeni vinaungana kuwa heliamu, ndiyo maana jua linawaka. Mashine yangu ya umeme wa Mtwara, tena umeme wenyewe ukiwa na nguvu siku hiyo, haifiki huko.

Mbona viini vingine vinavunjika vyenyewe basi, bila kuguswa? Protoni zote zina chaji chanya, na chaji za aina moja husukumana. Kinachozizuia zisitawanyike ni nguvu nyingine, kali ajabu lakini fupi, inafanya kazi zikigusana tu. Nyutroni zinasaidia kubana bila kuongeza kusukumana. Kiini kikiwa cha wastani mambo yanakaa sawa. Cha chuma ni miongoni mwa vilivyoshikana imara kuliko vyote, na hilo kwa fundi wa chuma linapendeza. Kikiwa kikubwa mno, kusukumana kunazidi. Risasi ina protoni 82, na baada yake hapa duniani hutapata elementi iliyotulia moja kwa moja. Urani ina 92. Hata kiini kidogo kinaweza kukosa utulivu kama nyutroni zake zimezidi au zimepungua. Basi kinatoa kitu ili kitulie: alfa, ambayo ni protoni mbili na nyutroni mbili, au beta, ambayo ni elektroni iliyozaliwa pale pale kwenye kiini nyutroni ilipogeuka protoni, na mara nyingi baada ya hapo gama, ambayo ni nishati tupu, ndugu wa mwanga.

Beta ndiyo inayonichekesha. Nyutroni ikigeuka protoni, idadi ya protoni inaongezeka moja, na jina la atomi linabadilika hapo hapo. Chanzo chetu cha mionzi kilikuwa iridiamu-192, protoni 77; hiyo 192 ni jumla ya protoni na nyutroni. Ikitoa beta zinakuwa 78, yaani platinamu. Wenzangu waliposikia kwamba ndani ya kile kisanduku cha kubebea chanzo kunatengenezwa platinamu wakaanza kupiga hesabu za kuuza. Fundi mkuu akawaambia chanzo cha kyuri 100 (kyuri ni kipimo cha atomi ngapi zinavunjika kwa sekunde), chenye uwezo wa kumuua mtu, kina iridiamu-192 yenyewe kama miligramu 11. Hesabu zikaishia pale.

Kisanduku chenyewe tulikiita kamera. Ni kidogo, kina mkono wa kubebea, na mara ya kwanza kukinyanyua bega linakuuliza umebeba nini: kinapita kilo 20. Kinachokitia uzito ni urani. Naam, urani, ile ile wanayoisema kila siku kuhusu Namtumbo, ila hii imeshaondolewa sehemu kubwa ya urani-235. Imewekwa pale kuzuia mionzi ya iridiamu. Sentimita moja ya ujazo ya urani ina gramu 19, ya risasi gramu 11 na kitu, kwa hiyo urani inazuia gama vizuri kuliko risasi. Mionzi yake yenyewe ni dhaifu ukiilinganisha na inachokizuia, kwa kuwa urani-238 inavunjika polepole mno. Nusu yake inahitaji miaka bilioni 4.5. Katikati ya ile urani kuna njia iliyopinda kama herufi S. Gama hunyooka. Haijui kona. Kwa hiyo chanzo kikikaa kwenye pindo, hakuna mstari ulionyooka wa kutokea nje.

Kazi ilikuwa hivi. Wachomeleaji wakimaliza kiungo na kuondoka, tunafunga kamba kuzunguka eneo, tunasimika vibao. Tunazungushia filamu kwenye kiungo, na herufi ndogo za risasi juu yake ili picha ionyeshe ni kiungo namba ngapi. Tunaunganisha mpira wa kupitishia chanzo, ncha yake inafungwa upande wa pili wa bomba. Halafu tunarudi nyuma mpaka urefu wa kebo unapoishia, na fundi anazungusha mkono wa mashine. Chanzo kinatoka kwenye kamera, kimening'inia kwenye mkia wa waya, kinasafiri ndani ya mpira. Kwa macho huoni chochote. Hakuna mwanga, hakuna sauti, hakuna harufu. Ila sindano ya kipimo inaruka ghafla, kisha inashuka chanzo kikiingia kwenye kikombe chake cha kuelekezea mionzi kwenye bomba. Unasubiri. Unazungusha kurudisha. Halafu, na hapa fundi mkuu hakuwa na mzaha hata na mdogo wake wa damu, unaiendea kamera na kipimo mkononi, kimetangulia mbele yako, unapima pande zote kuona kama chanzo kimerudi kweli ndani. Hesabu ya mizunguko ya mkono haitoshi. Kebo inaweza kuwa imerudi na chanzo kimebaki kwenye mpira.

Chanzo cha kyuri 100 kikiwa wazi, ukisimama mita moja tu, dozi inayoruhusiwa kwa mfanyakazi wa mionzi kwa mwaka mzima, milisivati 20, unaimaliza ndani ya dakika tatu. Ukisogea mita mbili inapungua mara nne. Mita kumi, mara mia. Ndiyo maana kebo ilikuwa ndefu, na ndiyo maana tulivaa baji za kupima dozi kifuani.

Nusu-maisha niliielewa pale kwa saa ya mkononi. Iridiamu-192 inabaki nusu kila baada ya siku 74. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba kiungo kilichotaka dakika mbili chanzo kikiwa kipya, baada ya siku 74 kinataka dakika nne, baada ya siku 148 kinataka nane. Bomba ni lile lile, filamu ni ile ile. Kuna jedwali linakuja na chanzo, siku kwa siku, na halijawahi kukosea: mvua inyeshe, jua liwake, hata kamera ilale kwenye tope la Madimba usiku kucha. Na atomi hazizeeki. Iridiamu iliyotengenezwa leo na ile iliyobaki tangu mwaka jana, kila atomi ina nafasi ile ile ya kuvunjika kesho. Huwezi kusema ni ipi. Unaweza kusema ni ngapi tu.

Mpwa wangu alikomea hapo kwenye kutozeeka. Alikubali siku 74, alikubali nusu. Hilo la atomi kutokuwa na umri hakulikubali, na nadhani bado hajalikubali.

Watu wa vijijini walituogopa, na sikuwalaumu. Unaona watu wanakuja usiku, wanafunga kamba, wanakimbia, wanarudi. Mzee mmoja ambaye shamba lake la mihogo lilipakana na mkuza wa bomba alituuliza kama mihogo ile bado italiwa. Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wasomi. Gama ya iridiamu ikipita kwenye muhogo, ikipita kwenye bomba, ikipita kwenye mtu, inagonga elektroni. Inazing'oa. Haina nguvu ya kugeuza kiini. Kwa hiyo muhogo hauwi na mionzi, na bomba haliwi na mionzi; chanzo kikirudi ndani ya kamera, imekwisha. Madhara kwa mtu ni kwamba zile elektroni zinazong'olewa ndizo zilizokuwa zinashikilia mwili wake pamoja, pamoja na vile vinasaba ndani ya seli. Kinachopiga ni kiini, kinachoumia ni kemia. Mihogo ililiwa.

Na kabla hujasema hutaki mionzi kabisa, wewe unayo. Korosho unayotafuna ina potasiamu, kama gramu 0.6 kwenye gramu 100. Katika kila atomi 10,000 za potasiamu, moja na ushee ni potasiamu-40, ambayo inavunjika yenyewe, nusu kwa miaka bilioni 1.25. Gramu moja ya potasiamu ya kawaida inavunjika atomi 31 kwa sekunde, kwa hiyo kifuko chako cha korosho cha gramu 100 kinapiga kama 20 kila sekunde. Mwili wa mtu mzima, zaidi ya 4,000 kila sekunde, usiku na mchana, toka kuzaliwa. Mwili una namna yake ya kurekebisha uharibifu mdogo mdogo. Tatizo ni kiasi, na kasi.

Mpwa wangu akaleta na la mjusi. Mtu wa Lindi huwezi kumzungumzia habari za kale bila kumfikia mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na watu wetu vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, na sasa amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kijana akasema umri wake, miaka milioni 150, umepimwa kwa kaboni. Nikampa kalamu. Kaboni-14 ina protoni 6 na nyutroni 8, nusu yake inaondoka kila miaka 5,730 na kugeuka nitrojeni. Tuseme mjusi mzima, tani 30, alikuwa kaboni-14 tupu, kitu ambacho hakiwezekani. Gawa nusu, gawa nusu, gawa nusu. Ukifika mara ya mia moja umebaki na atomi moja. Mara mia ni miaka 573,000. Bado unadaiwa miaka milioni 149 na zaidi. Kaboni inafaa kwa mkaa na mbegu za Kilwa Kisiwani, vitu vya miaka mia kadhaa au elfu, na mwisho wake ni kama miaka 50,000. Tabaka za Tendaguru wataalamu walizipa umri hasa kwa kuangalia visukuku vya viumbe wa baharini waliozikwa humo. Kwa miamba mikongwe kuna saa ndefu zaidi, kama ile ya urani-238, ambayo inavunjika hatua kwa hatua mpaka inaishia kuwa risasi-206. Unapima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa.

Sasa nifike kwa mama mdogo, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nikae kuandika.

Alipatikana na saratani ya tezi ya shingo. Akafanyiwa upasuaji Dar, kisha akapewa dawa ya iodini-131. Kabla ya dawa aliambiwa aache chumvi yenye madini joto na aache samaki wa baharini. Kumwambia mtu wa Mikindani aache samaki ni adhabu, na alilalamika kwenye simu mpaka tukamwonea huruma. Lakini sababu yake ni nzuri sana. Tezi ile ndiyo inayokusanya iodini ya mwili, na inaikusanya kwa kemia, kwa elektroni. Iodini ya kwenye chumvi, iodini-127, na iodini ya dawa, iodini-131, zote zina protoni 53, kwa hiyo elektroni zao zimepangwa sawasawa. Tezi haina namna ya kuzitofautisha. Ukiinyima ile ya kawaida kwa muda, ukija na ya dawa inaidaka kwa njaa. Zile seli za saratani zilizojificha, zinazotoka kwenye tezi hiyo hiyo, nazo zinaidaka. Ikishaingia, kiini kinafanya yake: kinatoa beta ambayo inasafiri milimita moja au mbili tu ndani ya nyama, inaua seli pale pale, na iodini inageuka zenoni, gesi isiyoshughulika na chochote. Elektroni zimeifikisha dawa mlangoni, kiini kimemaliza kazi.

Lakini iodini-131 inatoa na gama, ambayo inatoka nje ya mwili, na iodini iliyokosa pa kukaa inatoka kwa mkojo, jasho na mate. Ndiyo maana hospitali walimwambia kwa siku walizompangia alale peke yake, asikae karibu na watoto wala wajawazito, awe na taulo na vyombo vyake, choo akimwagie maji mara mbili. Maagizo ya haki kabisa, na aliyafuata.

Kilichoniuma ni miezi iliyofuata. Siku za hospitali ziliisha, kikombe chake kikabaki pembeni. Watoto wakivutwa mkono wakimkaribia. Shemeji mmoja akaleta ndimu na majani ya kuchemsha ya kutolea mionzi. Mwingine akashauri nguo zake zote zichemshwe ili mionzi ife. Nikawaambia, kuchemsha hakuui mionzi, hakuna moto unaoua. Kufua kunasaidia, lakini kwa sababu nyingine: maji yanabeba iodini yenyewe, kwa kemia, yanaipeleka bombani, na huko inaendelea kuvunjika kwa ratiba yake. Ratiba hiyo ni siku nane. Kila siku nane nusu inaondoka. Baada ya siku 80, hata kama isingetoka kwa mkojo kabisa, ingebaki sehemu moja kati ya 1,024. Na mwili unatoa nyingi siku za mwanzo kabisa. Mtu aliyekunywa dawa Januari, Mei unamtenga kwa lipi? Nilikaa naye mkekani tukala ubwabwa na kisamvu sahani moja, wakatuangalia. Baadaye wakazoea.

Kumwambia mtu "mwenye mionzi" ni kuchanganya mambo mawili. Kuna kupigwa na mionzi, kama mgonjwa wa eksirei au muhogo wa yule mzee. Ikizimwa imezimwa, huna cha kumpa mwenzako. Na kuna kubeba kitu chenyewe kinachotoa mionzi, mwilini, nguoni au mikononi. Hapo unaweza kumpaka mtu. Ndugu wanaogopa la kwanza kama vile ni la pili, halafu la pili lenyewe, likija, hawalitambui.

Likija litakuja kwa njia ya vyuma chakavu. Hili nalisema kama mtu ambaye vijana wa mikokoteni wanamletea mzigo kila wiki. Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazili, watu wawili walichukua mashine ya tiba ya mionzi kutoka kwenye kliniki iliyohamwa, wakaifungua nyumbani, wakauza vipande kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani mlikuwa na sesiamu-137, kama gramu 93 za unga wa sesiamu kloridi. Usiku ulitoa mwanga wa bluu. Watu wakaona ni kitu cha ajabu, wakagawiana na ndugu, wakajipaka. Mtoto wa kike wa miaka sita alikula chakula huku unga ukiwa mikononi. Walikufa wanne, yeye mmoja wao. Watu 249 walikutwa na sesiamu mwilini au nguoni, na zaidi ya 110,000 walipimwa.

Tazama kemia ilivyofanya pale. Kloridi ya sesiamu ni chumvi; inayeyuka kwenye maji na jasho kama ya mezani. Na sesiamu iko safu moja na potasiamu kwenye jedwali la elementi, elektroni moja ya nje, kwa hiyo mwili unaipokea na kuipeleka kwenye misuli kana kwamba ni potasiamu. Madaktari hawakuwa na namna ya kuvizuia viini visivunjike. Nusu-maisha ni miaka 30, hilo halijadiliwi. Walichofanya ni kuwapa wagonjwa rangi ya bluu ya Prussia, ile ya wachoraji, wameze. Inainasa sesiamu kwenye utumbo isirudi kwenye damu, na inatoka nayo chooni. Waliiondoa kwa elektroni. Taka zilizokusanywa kule zikafungiwa kwenye mapipa na kuzikwa, na hadi mwaka 2017 ni nusu tu ya sesiamu ile iliyokuwa imeondoka.

Ndiyo maana kile kipande cha chuma nilichomtegea mpwa wangu, nisingekiyeyusha. Nisingeua chochote, ningekitawanya tu hewani na kwenye geti la mtu.

Kwa vijana wa mikokoteni: ukiokota kitu kidogo kizito kupita kiasi, kina ganda la chuma zuri, kimeandikwa na kina alama ya mapanga matatu meusi kwenye njano, usikitingishe, usikigonge, usikilete kwangu. Sogea mbali, zuia wengine, toa taarifa polisi. Wao watawafikia Tume ya Nguvu za Atomu, wenye vipimo. Tatizo la alama ile ni kwamba asiyefundishwa haimwambii kitu, anaona pangaboi. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu lilitoa nyingine ya kuongezea: pembetatu nyekundu, mionzi inashuka kutoka juu, fuvu la kichwa, na mtu anakimbia. Hiyo haikukusudiwa kubandikwa mlangoni wala kwenye gari. Inakaa kwenye kifaa chenyewe, chini ya kifuniko, anaiona yule ambaye ameshaanza kufungua skrubu. Ukiiona, bisibisi iache hapo hapo.